Jirani wa namba 17 na pampu iliyokuwa ikivuma usiku

Ujumbe uliingia saa sita kasoro dakika kumi usiku: "Katibu, nauliza kwa mara ya tisa. Nani alimchagua muuzaji wa pampu?" Nilikuwa kitandani. Niliusoma, nikasonya, nikalaza simu kifudifudi. Dakika nne baadaye ikatetemeka tena. Safari hii ilikuwa picha ya ukuta wa chumba chake, na mahali ambapo kwa maelezo yake mlio ulikuwa unapitia pamezungushiwa duara jekundu.

Nilikuwa katibu wa chama cha wenye nyumba kwa miaka mitatu. Nyumba 62 ndani ya uzio mmoja, kamati ya watu watano wasiolipwa, msimamizi mmoja wa majengo na walinzi watatu wa zamu. Kisa hiki kilikula miezi 14 ya muda huo, na sikumbuki kikao hata kimoja cha miezi hiyo ambacho mwenye nyumba namba 17 hakutajwa. Nimeficha kila kinachoweza kumtambulisha yeye au mwingine yeyote. Nimebakiza mwenendo wa mambo tu, maana huo nimeshasimuliwa na viongozi wa vyama vingine, na kila mmoja alidhani umemkuta yeye peke yake.

Pampu

Pampu mpya ya maji ilifungwa nyuma ya ukuta wa namba 17 baada ya ile ya zamani kuungua. Ilikuwa na nguvu zaidi, na ilijiwasha yenyewe kila tangi la juu lilipopungua, usiku na mchana. Aliyewahi kulala karibu na mashine ya aina hiyo anajua kwamba haipigi kelele za kumtoa mtu kitandani. Inavuma. Sauti nzito hupenya ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba, na pampu ikiwa imekazwa kwa boliti moja kwa moja kwenye zege, zege lenyewe huubeba mtetemo hadi miguuni mwa kitanda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Hicho ni kiwango cha utulivu mkubwa, na hata pampu ndogo inaweza kukivuka. Sisi hatukupima. Hatukwenda hata kusikiliza.

Barua yake ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja, ya adabu kabisa, ikianza na "Ndugu wajumbe wa kamati". Ilikaa wiki 11 bila jibu. Mwenyekiti alidhani nimejibu mimi, mimi nilidhani msimamizi amepeleka fundi, msimamizi alikuwa anasubiri maagizo. Ni uzembe wa kawaida tu, wa kila chama. Nazitaja wiki hizo kwa sababu baadaye, tulipokaa kumjadili kama "mkazi msumbufu", hakuna hata mmoja wetu aliyeanzia hapo. Hesabu yetu ya usumbufu ilianzia siku aliyopandisha sauti.

Wiki ya 12 aliacha kuuliza habari za mlio, akaanza kuuliza habari za ununuzi. Nani aliuza? Zililinganishwa bei za wauzaji wangapi? Swali la pili lilikuwa na jibu la aibu: mmoja. La kwanza lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa muuzaji alikuwa shemeji yake mweka hazina. Mweka hazina hakutuficha. Wajumbe wote tulijua, na pampu ya zamani ilipoungua siku ya Ijumaa huku matangi yanakauka, huyo shemeji ndiye aliyekuwa na pampu mkononi na aliyekubali kulipwa baadaye. Lakini katika muhtasari wa kikao hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema kwamba mweka hazina aliutaja undugu huo na kutoka nje wakati wa uamuzi. Bei, tulikuja kuthibitisha, ilikuwa ya kawaida. Karatasi ndizo zilizotuumbua.

Jinsi mambo yalivyochacha

Nisije nikamfanya malaika. Kwa miezi sita alinitumia mimi peke yangu jumbe 213. Katika kundi la simu la wakazi wote aliandika kwamba mweka hazina ni mwizi, akarudia, halafu akaibandika kauli hiyo kwenye milango ya nyumba za safu yake. Aliacha kulipa ada ya huduma. Mkutano mkuu wa mwaka ulivunjika dakika ya 25 baada ya yeye kusimama juu ya kiti na kukataa kuteremka mpaka asomewe stakabadhi.

Yote hayo yalitukera, lakini lililonikaa moyoni ni la getini. Mgeni wake alifika usiku, mlinzi akamwomba asaini kwenye daftari kama wageni wote. Mwenye nyumba akaja na kandambili, akalinyakua daftari, akachana ukurasa, na mbele ya mgeni wake akamwambia mzee wa watu, "Mshahara wako nalipa mimi, na wewe ni mbwa wa kamati". Mlinzi alikuwa na umri wa kumzaa. Alisimama na tochi yake, akasema, "Sawa, bosi." Kisha mgeni na mwenyeji wake walipoingia ndani, mlinzi akafungua ukurasa mpya na kuandika kwa mwandiko wa kutulia: "Saa 4:20 usiku. Namba 17 amechana ukurasa. Nimenyamaza."

Nimerudia kusoma mihtasari yetu ya kipindi hicho. Neno "mwizi" lililoelekezwa kwa mweka hazina tulilijadili katika vikao vinne. Tukio la getini lilipata mstari mmoja, chini ya "Mengineyo".

Na wakati huo kila mjumbe alikuwa anamjibu kwa namna yake. Mwenyekiti, mtu wa heshima zake na asiyependa kushindwa kwa maneno, alikuwa akikesha akimjibu aya kwa aya. Mjumbe mwingine alimpoza pembeni kwa kumwambia hata yeye ana shaka na ile pampu, na kesho yake asubuhi kauli hiyo ilikuwa imegeuka "mjumbe wa kamati amethibitisha". Mimi nilimtoa kwenye kundi la simu. Nilijisikia vizuri kwa muda wa saa kama nane hivi. Kulipokucha alikuwa amefungua kundi lake mwenyewe, na ndani yake walikuwemo wakazi 27, wengine wao watu ambao hawakuwahi kuhudhuria mkutano wowote. Ukimfukuza mtu kwenye baraza, unampa sababu ya kujenga lake.

Barua ya faini

Mwezi wa saba tulimwandikia faini. Kosa lake lilikuwa kweli: tela lake lilikaa wiki mbili kwenye nyasi za pamoja, na katiba yetu ilikataza. Tatizo ni kwamba katiba hiyo hiyo ilisema faini itanguliwe na notisi ya maandishi, siku 14 za kurekebisha kosa, na nafasi ya kusikilizwa. Tuliruka vyote vitatu. Barua ilisainiwa na mweka hazina, yaani mtu yule yule aliyekuwa akiitwa mwizi. Na wiki hiyo nyasi zile zilikuwa na magari mengine matatu, moja likiwa la mjumbe wa kamati. Namba 17 aliyapiga picha yote, akayapima kwa futi ya fundi toka ukingo wa barabara, akatuma vipimo.

Wakili wake aliandika kurasa mbili tu. Hazikuwa na matusi. Ziliuliza notisi iko wapi, kikao cha kumsikiliza kilifanyika lini, na wale wengine watatu wameandikiwa faini ngapi. Tuliifuta faini ndani ya siku tano, na kuanzia hapo kila tulichomwandikia alikijibu kwa kuambatanisha barua yetu ya kuifuta.

Hapa ndipo kamati nyingi huteleza, na si kwa ubaya wa roho. Zipo kanuni mbili za haki za tangu zamani ambazo mahakama za nchi nyingi huzitumia hata kwa vyama vya namna hii: asiadhibiwe mtu kabla hajasikilizwa, na asiwe mtu hakimu katika kesi inayomhusu. Kamati iliyochoka huziona kama urasimu. Ukishachoka, mtu mmoja mkorofi anaonekana kama ndiye tatizo lote, na faini inakuwa njia ya kusema "tumekuchoka".

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja bila kutegemea serikali: mifereji ya umwagiliaji, misitu, maeneo ya uvuvi. Katika jumuiya zilizodumu aliona adhabu zinazoanza ndogo na kupanda kulingana na kosa na marudio yake, na mahali pa karibu na rahisi pa kumaliza ugomvi. Sisi tulikuwa kinyume chake pande zote mbili. Hatukuwa na adhabu ndogo, kwa hiyo tulikaa kimya mpaka tukalipuka. Na mahali rahisi pa kumaliza ugomvi palikuwa simu ya mwenyekiti usiku wa manane.

Jambo moja dogo lakini la hatari. Katika kikao kimoja mjumbe alisema, "Yule bwana ana matatizo ya akili," na mimi, kwa uzembe, nikaliandika kwenye muhtasari. Hatukuwa madaktari. Kama alikuwa mgonjwa kweli, nchi nyingi zina sheria zinazomlinda dhidi ya ubaguzi katika makazi. Kama hakuwa, tulikuwa tumemkashifu kwa maandishi rasmi. Vyovyote vile, maneno yale hayakutusaidia kuamua chochote.

Anachodai, alichofanya, anachodaiwa

Hatimaye tukatafuta wakili wetu, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka. Tulimpelekea boksi zima la karatasi. Hakulifungua. Aliuliza, "Huyu bwana anataka nini?" Tukaangaliana. Watu watano, miezi minane, na hakuna aliyeweza kulijibu swali hilo kwa sentensi moja.

Akachukua majalada matatu matupu, akaandika juu ya kila moja kwa kalamu nene: *Anachodai. Alichofanya. Anachodaiwa.* Kisha akatuambia turudi nyumbani na boksi letu, kila karatasi iingie jalada moja tu, na kamwe tusijibu jambo la jalada moja kwa hoja ya jingine. Ukorofi wake usiwe jibu la swali la pampu, na uhalali wa swali la pampu usiwe msamaha wa alichomfanyia mlinzi. Ilituchukua Jumamosi nzima sebuleni kwangu. Jalada la kwanza, ukiondoa marudio, lilibaki na karatasi sita.

Karatasi hizo sita tulizimaliza kwa wiki tatu. Fundi alinyanyua pampu, akaweka mipira ya kuzuia mtetemo chini yake, akabadilisha kipande cha bomba kilichokaza ukutani kwa kipande kinachonyumbuka, na akafunga kifaa cha saa ili isiwake kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa tangi likijaa jioni lilitosha kufikisha asubuhi. Kazi ya nusu siku. Niliingia chumbani kwa namba 17 kwa mara ya kwanza siku hiyo, kabla fundi hajaanza, nikaweka kiganja ukutani. Kweli ulikuwa unatetemeka, na glasi ya maji juu ya kimeza ilikuwa na viduara vidogo. Yeye alisimama mlangoni bila kusema neno. Nilitamani aseme.

Kuhusu ununuzi, wakazi wawili wasio wajumbe, mmoja wao mhasibu, walipewa ankara zote. Ripoti yao ilikuwa ukurasa mmoja na nusu: hakuna fedha iliyopotea, bei ni ya soko, lakini mjumbe mwenye undugu na muuzaji alishiriki uamuzi na hilo halikuandikwa. Tuliigawa kwa nyumba zote 62 ikiwa nzima. Mwenyekiti alitaka sentensi ya mwisho ilainishwe kidogo. Tukapiga kura, akashindwa, watatu kwa wawili.

Anachodaiwa lilikuwa jalada jepesi. Alikuwa na deni la ada ya miezi saba, na hoja yake ilikuwa kwamba halipi mpaka ajibiwe. Katika nchi nyingi hoja hiyo haisimami, kwa sababu ada ndiyo inayolipa taa, maji na walinzi wa wote, na mwenye malalamiko hutakiwa kuyapeleka kwingine huku akiendelea kulipa. Lakini tulipofungua daftari la ada tulikuta nyumba nyingine tisa zinadaiwa, mbili zikimzidi, na moja ya hizo mbili ikiwa ya rafiki wa mwenyekiti. Barua kumi zenye maneno yale yale zilitoka siku moja. Namba 17 alilipa wiki ya tatu, na kwenye risiti akaandika kwamba analipa huku akipinga. Sawa. Pesa ya pingamizi nayo inawasha taa.

Jalada la *Alichofanya* ndilo lililohitaji ujasiri. Tuliondoa humo kila kitu kilichokuwa kero tu. Wingi wa jumbe tuliumaliza kwa utaratibu: anwani moja ya kupokea malalamiko, jibu ndani ya siku saba za kazi, swali lililojibiwa linarejeshwa kwa tarehe ya jibu lake, ujumbe wa matusi haujibiwi, na simu ni kwa ajili ya dharura tu, yaani moto, mafuriko, mwizi. Sheria hiyo ilikuwa ya nyumba zote, na aliyeteseka nayo kuliko wote alikuwa mwenyekiti. Wiki mbili za mwanzo alikuwa kama mtu anayeacha sigara.

Neno "mwizi" nalo lilitoka kwenye jalada letu. Mweka hazina alitaka chama kimshtaki mtu kwa kumchafulia jina. Wakili akamweleza kwamba jina lililochafuliwa ni lake, si la chama, na kesi hiyo akitaka afungue mwenyewe, kwa fedha yake. Alinuna, na nilimwelewa. Kufanya kazi ya bure miaka minne halafu uambiwe ujitetee mwenyewe si jambo jepesi.

Likabaki la mlinzi. Chama ndicho mwajiri wake, na mwajiri hawezi kukaa kimya mfanyakazi anapodhalilishwa kazini, hata kama anayemdhalilisha ni mmoja wa wanaochangia mshahara. Tuliteua wakazi watatu wasio na ugomvi na yeyote, wakiongozwa na mwalimu mstaafu. Namba 17 alipewa notisi ya siku 14, nakala ya maelezo ya mlinzi, na nafasi ya kuja na mtu wake. Alikuja peke yake, na kurasa 40 kuhusu pampu.

"Baba," mwalimu akamkatiza kwa upole, "pampu imeshajibiwa, jalada lake lile pale. Hapa tuna daftari."

Akalifungua mbele yake. Kwenye uti wa daftari kulikuwa na meno ya karatasi iliyochanwa, na chini yake ule mwandiko wa kutulia. Akasema ukurasa ule ulikuwa umeshalegea. Mwalimu akamuuliza, na maneno je, nayo yalikuwa yamelegea? Hakujibu. Alikaa muda mrefu akilitazama, kisha akasema kwamba usiku ule alikuwa hajalala siku tatu. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa ilikuwa kweli, na hakuna aliyekubali kwamba hiyo ni sababu.

Uamuzi ulikuwa onyo la maandishi, agizo kwamba lolote la wafanyakazi apitie kwa msimamizi, na taarifa kwamba akirudia chama kitaomba zuio mahakamani. Hapakuwa na faini. Wajumbe wawili waliona tumemlegezea. Mimi naona ndiyo adhabu pekee tuliyowahi kumpa ambayo hakuweza kuipeleka kwa wakili wake.

Mkutano wa pili

Mwaka 1863 mhandisi kijana wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa huko New Bedford, Massachusetts. Hakujua mkutano unaongozwaje, ukamvurugikia mikononi. Aibu hiyo ndiyo iliyomsukuma kujifunza kanuni za mikutano, na mwaka 1876 akachapisha mwongozo wake ambao vyama vingi huutumia hadi leo. Nilimsimulia mwenyekiti habari hii kumpa moyo. Akasema, "Basi na mimi nitaandika."

Hakuandika, ila alikubali kiti kikaliwe na mtu wa nje. Jambo la kwanza kwenye ajenda lilikuwa kupitisha kwa kura kanuni za siku hiyo: kila msemaji dakika tatu, hakuna kurudi mara ya pili mpaka wote waliotaka wamesema. Kura ile ndiyo iliyotuokoa. Namba 17 alipomaliza dakika zake na kuendelea kwa sauti ya juu, waliomwambia akae walikuwa majirani, wengine kutoka kundi lake mwenyewe la simu. Kiongozi aliahirisha kwa dakika kumi, watu wakanywa maji, tukaendelea. Bajeti ikapita.

Mweka hazina alijiuzulu mwezi uliofuata ingawa ripoti ilimsafisha. Alisema hawezi tena kupita kwenye safu ile ya nyumba bila kujiuliza nani alisoma karatasi gani mlangoni. Mlinzi naye aliondoka, kimya kimya, akapata kazi kwingine. Onyo letu lilikuwa limechelewa miezi mitano. Alikabidhi tochi, filimbi na daftari, akasaini.

Namba 17 bado yupo, hapendwi sana, na hajagombea nafasi yoyote. Wiki yangu ya mwisho katika ukatibu ujumbe wake uliingia kwenye anwani ya malalamiko, saa mbili asubuhi: "Pampu imewaka saa nane usiku. Kifaa cha saa nadhani kimeharibika." Nikamjibu kwamba nimepokea na fundi atafika Jumatano. Jumatano fundi alifika. Betri ilikuwa imeisha.